Canon EF 50mm f/1.8 STM kwa wapiga picha wa Lubumbashi: lenzi nyepesi, somo zito la kina cha ukali

Jicho la kushoto la bibi harusi ni kali, hata kope zinahesabika. La kulia limefifia. Pete inang'aa vizuri, lakini kidole kilichoivaa kimeyeyuka. Picha za namna hii hutoka kwa wingi pale mtu anapoifunga lenzi hii kwenye kamera yake kwa mara ya kwanza, na lawama huangukia lenzi. Lenzi haina kosa. Imewekwa f/1.8, yaani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa, kwa umbali wa mita moja, na hapo sehemu inayoweza kuwa kali ina unene wa sentimita mbili na nusu tu.

Ndiyo sababu tathmini hii haitaishia kwenye uzito na bei. Ubora wa lenzi hii hauonekani mpaka mtu aelewe kina cha ukali, kile ambacho wenye studio za hapa hukiita kwa Kifaransa profondeur de champ. Fokasi yenyewe hukaa kwenye umbali mmoja tu. Mbele yake na nyuma yake ukali hupungua kidogo kidogo, jicho likivumilia, hadi linakataa. Eneo lote ambalo jicho bado linavumilia ndilo kina cha ukali. Linaweza kuwa jembamba kama wembe au kuanzia miguuni pako hadi upeo wa macho.

Hesabu zote hapa chini ni za kamera zenye sensa ndogo ya APS-C ya Canon (milimita 22.3 kwa 14.9 hivi, kama 2000D, 700D na 80D), kwa kipimo cha kawaida cha duara la ufifio, yaani doa kubwa kabisa ambalo jicho bado linaliona kama nukta kali, la milimita 0.019. Hizo ndizo kamera nyingi utakazoziona mikononi mwa wapiga picha wa harusi hapa mjini, kuanzia komuni ya Kenya hadi ya Katuba.

Kifaa chenyewe

Lenzi hii ilitoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990. Ina gramu 160 hivi, vioo sita katika makundi matano. Ukiiweka kando ya ile ya zamani, tofauti zenye maana ni nne. Kiungio chake na kamera ni cha chuma, cha zamani kilikuwa plastiki. Inalenga kwa ukaribu wa sentimita 35, ya zamani iliishia 45. Kwa pete za ndoa na mikono yenye hina, hizo sentimita 10 ni kubwa. Filta yake ni ya milimita 49, si 52, kwa hiyo filta za zamani hazitaingia. Na tundu lake linafungwa na vibapa saba vyenye ukingo wa mviringo badala ya vitano. Hili la mwisho linaonekana picha ya kwanza tu: ukifunga hadi f/2.8 ukumbini, taa ndogo za mapambo zilizo nyuma ya maharusi zinabaki karibu duara. Kwa lenzi ya zamani kila taa inageuka pembe tano.

Kwa f/1.8 picha ni laini kidogo, na ukingo wa kitu cheupe kwenye jua, kama shela au kola ya shati, huota uzi wa zambarau mbele ya fokasi na wa kijani nyuma yake. Kwa f/2.8 uzi huo unapungua sana na ukali unapanda kwa namna ambayo hata mteja anaiona kwenye simu. Kilele ni kati ya f/4 na f/5.6. Ukipita f/11, picha yote huanza kulainika tena kwa sababu mwanga hujikunja unapopita kwenye tundu dogo. Hapo usifikiri fokasi imekosea.

Kikwazo kimoja cha kweli: haina mizani ya umbali. Lenzi za zamani zilikuwa na namba za mita juu ya pete, na alama za kina pembeni yake. Hapa pete ni ya umeme, inaiagiza tu mota izunguke, na kamera ikizimwa haifanyi kitu. Mtu anayetaka kuweka fokasi kwenye mita 12 kamili itabidi alenge kitu kilicho umbali huo, kisha ahamishe swichi kwenda MF (fokasi ya mkono).

Vitu vitatu vinavyobadilisha kina

Namba ya f (ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi), umbali wa kumfikia mtu, na urefu wa lenzi. Kwa kuwa hapa urefu umefungwa kwenye milimita 50, mwanafunzi anabaki na viwili tu vya kuchezea. Ndiyo maana lenzi isiyo na zumu hufundisha haraka kuliko zumu ya milimita 18-55.

Umbali una nguvu kuliko namba ya f. Ukiuzidisha umbali mara mbili, kina kinaongezeka karibu mara nne: kwa f/1.8, mita 1 inakupa sentimita 2.6, mita 2 inakupa 11. Ukiizidisha namba ya f mara mbili, kina kinaongezeka mara mbili tu, nawe umepoteza robo tatu ya mwanga. Kurudi nyuma hatua moja ya mguu hakugharimu mwanga wowote.

Kichwa na mabega, kwa mita 1.5: f/1.8 inakupa sentimita 6, f/2.8 inakupa 9, f/4 inakupa 13. Kutoka ncha ya pua hadi sikio la mtu mzima ni zaidi ya sentimita 10. Basi mtu akikutazama moja kwa moja, f/2.8 inatosha macho na midomo. Akigeuza kichwa robo, jicho moja likawa mbali kuliko lingine, nenda f/4. Nyuma bado kutafifia vizuri.

Mtu mzima kuanzia viatu hadi kilemba, kamera ikiwa wima, anahitaji mita 4.5 hivi. Kwa umbali huo f/1.8 ina kina cha sentimita 55. Mwili wote wa mtu aliyesimama unaingia humo, pamoja na mikunjo ya kikwembe chake. Wengi hufanya kinyume kabisa: wakiwa karibu na uso huacha f/1.8 kwa ajili ya uzuri, na wakirudi nyuma kupiga mwili mzima hufunga f/8 kwa usalama. Matokeo yake ni uso uliokatika nusu, na mwili mzima uliobandikwa kwenye ukuta na nyaya za umeme zilizo nyuma, vyote vikiwa wazi sawasawa.

Ukuta, kwa kweli, ndio adui mkubwa wa picha za mitaani hapa. Kina cha ukali kinakuambia kipi kitakuwa kali. Hakikuambii kilicho nje yake kitafifia kiasi gani. Hilo hutegemea umbali kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye kamera na ukuta ukiwa nusu mita nyuma yake, hata kwa f/1.8 matofali yatasomeka. Msogeze mita 5 mbele ya ukuta huo, na ufifio unaongezeka zaidi ya mara tatu na nusu bila kugusa kamera. Barabara zenye miti ya jakaranda mwezi wa 9 na wa 10 zinapendwa kwa sababu hiyo hiyo: mstari mrefu wa miti unampa mpiga picha makumi ya mita nyuma ya mtu, na maua ya zambarau yanageuka madoa laini.

Atakayeifunga lenzi hii kwenye kamera ya sensa kubwa ya 24×36, kama 6D, ajue jambo moja. Akisimama mahali pale pale, picha itakuwa pana zaidi. Ili kumjaza mtu kwenye picha kama mwanzo atasogea karibu, kutoka mita 2 hadi mita 1.25, na huko kusogea ndiko kunakoshusha kina kutoka sentimita 11 hadi 6 na nusu.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kulenga jicho kwa nukta ya katikati kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Kwa lenzi ya 18-55 kosa hili halionekani. Kwa hii linaua picha. Uko mita 1.5, umelenga jicho, umegeuza kamera nyuzi 15: tabaka la fokasi limezunguka pamoja na kamera, na sasa limepita nyuma ya jicho kwa sentimita 5. Kwa f/1.8 una sentimita 3 tu mbele ya fokasi. Sikio ni kali, jicho limefifia. Dawa ni kuchagua nukta iliyo karibu na jicho kabla ya kubonyeza. 2000D ina nukta 9, ila ya katikati pekee ndiyo ya msalaba (inayosoma mistari ya wima na ya mlalo), na hizo nyingine husitasita gizani. Katika mwanga hafifu ni afadhali kuweka uso katikati na kukata picha baadaye. 700D, yenye nukta 9 zote za msalaba, haina shida hiyo.

La pili: kioo cha kutazamia kinadanganya. Vioo vya kamera hizi vimetengenezwa kuwa na mwangaza zaidi kwa lenzi zenye tundu dogo, na kwa f/1.8 vinakuonyesha kina kama cha f/2.8 au kikubwa zaidi. Jicho lako linaona masikio na macho yote yako sawa. Sensa haioni hivyo. Na ukifunga f/8, kioo hakibadiliki, kwa kuwa tundu hubaki wazi mpaka shata linapofyatuka. Kwenye 80D kuna kitufe mbele ya kamera, kando ya lenzi, kinacholifunga tundu ili uone kina halisi. Picha kwenye kioo itakuwa giza. Subiri jicho lizoee. Pasipo kitufe hicho, piga picha moja, ikuze mara kumi kwenye skrini, tazama kope.

La tatu ni jua. Saa sita mchana wa kiangazi, kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na f/16, shata ni 1/100 ya sekunde hivi. Kufungua hadi f/1.8 ni hatua zaidi ya 6, kila hatua ikizidisha mwanga mara mbili, na shata lingetakiwa kufika karibu 1/8000. 2000D na 700D zinaishia 1/4000. Picha inaungua hatua nzima, na gauni jeupe ndilo linaloungua kwanza. Kwa f/2.8 shata ni 1/3200, inaingia. Anayeng'ang'ania f/1.8 juani anunue filta ya kijivu ya ND8, ya milimita 49, inayokata hatua tatu za mwanga.

Na flashi juani ni mtego mkubwa zaidi. 2000D na 700D haziruhusu flashi ya kawaida kupita 1/200, kwa hiyo kamera inakulazimisha f/11. Kwa mita 2, kina kinatoka sentimita 11 hadi karibu 67, na ufifio wa nyuma unashuka hadi sehemu moja ya sita. Mpiga picha analalamika kwamba lenzi yake mpya haififishi nyuma. Ama tafuta flashi yenye uwezo wa HSS (kufanya kazi na shata la kasi zaidi ya hiyo), ukikubali kwamba nguvu yake itapungua sana, ama mpeleke mtu kwenye kivuli cha jengo na uache flashi mfukoni. Kivuli ni bora, na ngozi ya mtu inakuja na rangi yake.

Ukumbini usiku ndipo lenzi hii inalipa fedha yake. 18-55 ikivutwa hadi 55 inaishia f/5.6, kutoka hapo hadi f/1.8 ni mwanga zaidi ya mara tisa. Ulipokuwa ukipiga kwa ISO 6400 na chembe zimejaa kwenye suti nyeusi, sasa unapiga kwa ISO 800 na bado una nafasi ya kupumua. Kwa watu wanaocheza, f/2.8, 1/200, ISO 1600 hadi 3200 ni mwanzo mzuri. Taa za LED za mapambo zikichora mistari ya giza kwenye picha, shusha shata hadi 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jenereta ikichukua zamu baada ya umeme kukatika, hesabu hiyo inaweza kuyumba, basi jaribu tena.

Makundi, na kimlima cha takataka za shaba

Picha ya familia nzima ya upande wa mke siku ya mahari ndiyo inayoonyesha mpaka wa lenzi hii. Upana wa mita 3.5, yaani watu kumi na wawili katika safu tatu, unahitaji mita 8 kutoka kwenye kamera. Ua la nyumba nyingi hapa halina mita 8. Ikipatikana nafasi hiyo, f/4 inatosha: ukilenga macho ya safu ya kati, ukali unaanzia mita 6.4 hadi 10.5, na safu tatu zilizoachana sentimita 60 zinakaa ndani bila shida. Hakuna sababu ya f/11 hapo, ingawa ndiyo namba inayosikika kila mahali.

Isipopatikana, rudisha 18-55. Kwa milimita 24, mita 4 na f/5.6, ukali unaanzia mita 2.3 hadi karibu mita 15. Mtu anayefanya sherehe za ndani peke yake, kwenye vyumba vidogo, asinunue 50mm kama lenzi yake ya pekee.

Kisha kuna ile picha ambayo kila mgeni na kila mwanafunzi siku ya kolasio, sherehe ya kuhitimu, anaitaka: mtu mbele, bomba la moshi na kile kimlima cheusi cha kampuni ya madini ya Gécamines nyuma, vyote vikionekana. Hapa unataka kina kirefu kupita vyote. Kila lenzi, kwa kila namba ya f, ina umbali mmoja ambao ukilenga hapo, ukali unaanzia nusu ya umbali huo hadi mwisho wa macho. Kwa 50mm na f/11 umbali huo ni mita 12. Mtu asimame mita 6 au zaidi kutoka kwako, nawe lenga kitu kilicho mita 12, si mtu wala bomba. Ukimlenga mtu aliye mita 4.5, ukali unakatika kwenye mita 7, na bomba linabaki kivuli kinachotambulika tu. Kwa 18-55, ikiwa milimita 18 na f/8, umbali huo unashuka hadi mita 2.15: kila kitu kuanzia mita 1.1 ni kali, lakini kimlima kinakuwa kidogo kama kichuguu. Kwa picha hii 50mm inashinda, kwa sababu inakivuta kimlima karibu na mtu.

Simu zenye picha za kufifisha nyuma hazifanyi ufifio wa kweli wa lenzi. Lenzi ya simu ni fupi mno, kina chake ni kirefu kwa asili, na programu inakisia wapi mtu anaishia kisha inapaka ufifio. Suka za nywele zilizotawanyika, fremu za miwani na pindo la shela ndipo inapokosea. Kwa mteja anayelipa, tofauti hiyo ni kazi yako.

Kununua, na kuijaribu dukani

Ilipotoka mwaka 2015, huko Marekani iliuzwa karibu dola 130. Bei ya hapa hufuata njia ya mzigo, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla ya kutoa fedha. Hakikisha maandishi STM yapo; 50mm f/1.8 II iliyotumika bado inazunguka sokoni, na mtu asilipe bei ya mpya kwa ile yenye kiungio cha plastiki. Wenye kamera za Canon zisizo na kioo cha kuruka, kama R50 na R10, wachukue RF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2020, inayolenga kwa sentimita 30, la sivyo watahitaji adapta. Wenye Nikon D3000 na D5000 na ndugu zake wasiguse AF 50mm f/1.8D hata ikiwa rahisi: kamera hizo hazina mota ya ndani, na fokasi itakuwa ya mkono daima. Yao ni AF-S 50mm f/1.8G.

Nenda na kamera yako. Panga vibiriti vitatu juu ya meza kwa mshazari, kila kimoja sentimita 8 nyuma ya mwenzake. Weka kamera mita 1.5, imara, f/1.8, lenga kibiriti cha kati kwa nukta ya katikati, piga picha tano, kila mara ukiivuruga fokasi kwanza. Kibiriti cha kwanza kikiwa kali kuliko cha kati katika picha zote tano, lenzi na kamera hazijaelewana: fokasi inaangukia mbele. Rudia kwa kulenga kupitia skrini ya nyuma. Hapo kikija sawa, tatizo ni la mfumo wa kulenga wa kamera. 80D ina menyu ya kulirekebisha. 2000D na 700D hazina, basi omba lenzi nyingine ya aina hiyo hiyo ujaribu tena. Picha zikitofautiana ovyo, moja mbele moja nyuma, usiichukue.

Ikiwa imetumika, washa tochi ya simu uielekeze nyuma ya lenzi huku ukitazama kutoka mbele. Nyuzi nyuzi kama za buibui ni kuvu, zao la kuhifadhi lenzi kwenye begi lenye unyevu wakati wa mvua. Huenea, na usafishaji wake unaweza kuzidi bei ya lenzi. Chembe mbili tatu za vumbi ndani hazina neno. Halafu sukuma polepole kwa kidole lile bomba la mbele linalotoka na kuingia. Likilegea au likikwaruza, lenzi imegongwa mbele. Lenzi hii haina kinga ya vumbi, na vumbi letu jekundu la mwezi wa nane huingia hapo hapo, kwa hiyo rudisha fokasi mbali kabisa kabla ya kuzima kamera ili bomba liingie ndani. Kamera mpya hulirudisha zenyewe. Za zamani hapana. Kofia ya jua ya ES-68 haiji kwenye boksi. Inunue pamoja na lenzi: inazuia jua la pembeni kufifisha rangi, na begi likianguka, ndiyo inayopokea pigo badala ya lile bomba.